Waziri Aliyepakatwa

Ipo nchi, msiulize iko upande gani, ambayo jina lake hutajwa siku za sikukuu tu lisije likachakaa. Watu wake ni wapole, wakubwa wake ni wakubwa kweli kweli, na kila tatizo ndani yake linashughulikiwa.

Siku moja walifika wageni kutoka mbali, wenye kofia pana na maswali mengi, wakamwuliza Mkuu wa Nchi, "Wazee wenu mnawatunzaje?" Mkuu wa Nchi alikuwa anatafuna nyama choma na hapendi kukatizwa. Akajibu, "Kwetu hakuna tabu hiyo. Kila mzee ana mtoto wake." Wageni wakafurahi, wakaondoka.

Sasa katika nchi ile neno la Mkuu halianguki chini. Likishatoka, nchi ndiyo hujirekebisha. Aliwahi kusema mvua itanyesha Jumatatu, haikunyesha, ikabidi Jumatatu iahirishwe. Kwa hiyo baraza la mawaziri likakaa, likagundua kwa masikitiko kwamba wapo wazee wasio na watoto. Wengine watoto wao wamekufa, wengine wamepotelea migodini, wengine hawakujaliwa tangu mwanzo. Wote hao, bila aibu, walikuwa wanamfanya Mkuu aonekane mwongo. Likapitishwa azimio kwamba mzee asiye na mtoto atapewa mtoto na serikali. Ikaundwa Wizara ya Watoto wa Wazee, na vigelegele vikapigwa redioni.

Bibi Nakijwa alikuwa mmoja wa hao waliomfanya Mkuu aonekane mwongo, ingawa mwenyewe hakukusudia. Aliishi Mgwasi, kijiji kilichong'ang'ania mlima kama kupe kwenye sikio la ng'ombe. Mumewe alikuwa amelala nyuma ya migomba, na wanawe wote wamelala kando ya baba yao. Aliyembakia ni wifi yake, Namkunda, dada wa marehemu mumewe, ambaye miguu ilikuwa imemkataa. Namkunda alilala kitandani mchana na usiku, na mgongo wake ulikuwa umeanza kuchubuka.

"Wifi, leo mgongo unasema," Namkunda alikuwa akiamka hivyo.

"Unasemaje?"

"Unakutukana wewe na ukoo wako."

"Uambie ukoo wangu umeshakufa, utukane wa kwako."

Wakacheka, maana kulia walikuwa wamekwisha kulia. Lakini Bibi Nakijwa aliona. Alikuwa mwanamke wa kuangalia vitu taratibu, na aliona kidonda kinavyokula. Muuguzi aliyepita na chanjo za watoto alichungulia akasema, huyu ateremshwe hospitali kule barabarani, asafishwe, na kila siku ageuzwe. Kumgeuza kulitaka mtu mwenye nguvu. Kumteremsha kulitaka wanaume wa kubeba machela, maana njia ya Mgwasi haipandi gari wala pikipiki.

Zamani hilo halikuwa jambo la kuumiza kichwa. Lilipulizwa baragumu, vijana wakatoka mashambani na matope yao miguuni, wakapokezana mabega mpaka barabarani. Lakini vijana wenyewe walikuwa wameteremka mmoja mmoja kwa miguu yao, na hakuna aliyerudi. Wamebaki wazee na watoto wadogo. Jirani wa juu, mzee Kajiru, naye alikuwa ameteleza kwenye mtaro wa maji akavunjika nyonga, naye kalala. Kila asubuhi alipaza sauti kutoka kitandani kwake, ikateremka katikati ya migomba: "Huko chini, bado mpo?"

Namkunda alijibu, "Tupo. Wewe je?"

"Sijui, nangoja mtu aje anitazame."

Bibi Nakijwa hakumwomba Mungu mambo mengi. Hakuomba bati wala blanketi. "Bwana, niletee mikono," ndiyo ilikuwa sala yake, asubuhi na jioni, na baada ya hapo alisema amina akaenda kuteka maji.

Basi akaja Mtendaji wa kijiji, Sekiete, kijana mnene aliyekuwa na mgongo wa serikali, yaani hauinami ila mbele ya wakubwa. Alikuta Bibi Nakijwa anamenya ndizi.

"Bibi, hongera. Umepata mtoto."

"Kwa umri huu? Na nani?"

"Na serikali."

Bibi Nakijwa akaweka kisu chini. "Wa kike au wa kiume?"

"Waziri," akasema Sekiete, na hata alipolitamka neno hilo alisimama wima. Akaeleza kuwa Waziri wa Watoto wa Wazee, Mheshimiwa Ponsiano Mavumba, ameamua yeye mwenyewe awe mfano kwa taifa. Alitaka mama anayeishi mahali penye mandhari nzuri, na Mgwasi kwa mandhari haina mpinzani.

"Ana mikono?" Bibi Nakijwa akauliza.

"Bibi, ni Waziri. Ana kila kitu."

Bibi Nakijwa akakiokota kisu chake. Kisha akasema, "Mtendaji, wewe ni wa hapa, unajua. Kwetu mtoto wa ukubwani hapatikani kwa kutangazwa redioni. Hupakatwa."

Sekiete alijua. Mgwasi, anayechukua mtoto asiyemzaa huketi kwenye kizingiti cha mlango wake, akampakata mtoto yule mapajani, hata kama ana ndevu, akamlisha uji kwa mkono wake. Naye mtoto huapa mbele ya watu kwamba hatamwonea haya mama huyu, hatachelewa akiitwa, na hatamruka. Hilo la mwisho ndilo zito. Mama akiketi mlangoni, uwe mlango wake au wa mwingine, mtoto hamruki. Anayemruka mama yake amekata kitovu chake mwenyewe, na kila atakachoshika kitamponyoka.

"Mwambie Mheshimiwa," akasema Bibi Nakijwa, "kama anataka, tumwite mtoto kwa mdomo tu, ale ndizi aende zake. Nisije nikamfunga mtu asiyejua anafungwa."

Sekiete akapanda kwenye jiwe kubwa ambako simu hushika, akapiga, akarudi anahema. "Wamesema mila zote zifanyike. Wageni wanapenda mila."

Mheshimiwa Mavumba alikuja kwa helikopta. Ilitua uwanja wa shule, ikang'oa nusu ya paa la darasa la tatu, na paa hilo likaahidiwa kushughulikiwa. Akashuka mtu mpana, mwenye suti ya rangi ya maziwa, akizungukwa na wapiga picha. Bibi Nakijwa akaketi kizingitini. Waziri akapakatwa. Ilikuwa kazi, maana mapaja ya Bibi Nakijwa yalikuwa kama vijiti viwili vya kuni, na walinzi ilibidi wamshikilie Mheshimiwa kwa nyuma ili uzito ubaki serikalini. Akalishwa uji. Akaapa. Alipofika "sitamruka," mpiga picha mmoja akaomba arudie kwa sauti, akarudia kwa sauti, mkono kifuani. Nchi nzima ikaona.

Kisha akasimama akahutubia.

"Ndugu wananchi, uzee si mzigo, uzee ni fursa. Serikali yenu sikivu imedhamiria, imekusudia, na iko mbioni kufikia hatua za mwisho za kuanza kutafakari namna bora ya kuwafikia wazee wote popote walipo, na pale wasipokuwepo, tutawafuata huko huko."

Wakapiga makofi. Bibi Nakijwa akamvuta mkono wa koti.

"Mwanangu."

"Naam, mama," akasema Waziri, akitazama kamera.

"Shangazi yako yumo humo ndani. Mgongo wake umeoza. Nisaidie kumnyanyua, umteremshe na ndege yako mpaka hospitali. Sina ombi jingine."

"Mama, hilo linashughulikiwa."

"Na nani?"

"Na mimi."

"Basi mlango ni huu, mwanangu, ingia."

Lakini helikopta ilikuwa imejaa. Watu wa Mgwasi ni waungwana, hawamwachi mgeni aondoke mikono mitupu, na walikuwa wameshampa mikungu ya ndizi, tangawizi, na mbuzi dume mwenye ndevu. Mbuzi akapewa kiti cha dirishani. Mbuzi akapaa. Namkunda akabaki.

"Ameondoka?" Namkunda akauliza kutoka ndani.

"Ameondoka."

"Nimesikia mtu analia meee."

"Huyo ndiye aliyepata nafasi."

Namkunda akafikiri. "Nami ningelia hivyo, pengine wangenichukua."

Baada ya hapo mambo yalikwenda kasi. Mheshimiwa aliunda Kamati ya Taifa ya Kunyanyua. Kamati ikaitisha semina katika hoteli ya ufukweni, wataalamu wafunzwe jinsi ya kumnyanyua mzee. Kwa kuwa wazee wa kweli wangechafua mazulia, akashonwa mzee wa sponji, akavalishwa kanzu na kofia. Wataalamu walimnyanyua kwa zamu, asubuhi na baada ya chai, mpaka mzee wa sponji akachanika begani. Akapewa mapumziko ya kitabibu, na mwingine akaagizwa kutoka nje. Redio ilisema taifa limepiga hatua.

Mgwasi nako hakukusahaulika. Asubuhi moja walionekana vijana wenye misuli wakipanda mlima wakiimba, wamebeba begani ubao wa chuma mkubwa kuliko nyumba ya Bibi Nakijwa. Wakausimika mbele ya mlango wake. Ulikuwa na picha yake akimpakata Waziri, na juu yake maneno: KILA MZEE ANA MTOTO WAKE. Jua la asubuhi, ambalo Namkunda alilipata dirishani likamtuliza, sasa lilikaa nyuma ya ubao.

Bibi Nakijwa aliwapa maji ya kunywa. Aliwatazama mabega, akaona Mungu amejibu, tena kwa wingi.

"Wanangu," akasema, "mnateremka mikono mitupu. Machela ninayo. Mchukueni wifi yangu."

Msimamizi wao akavua kofia kwa heshima. "Bibi, tungependa. Lakini sisi ni idara ya kupandisha. Kuteremsha ni idara nyingine."

"Iko wapi hiyo?"

"Bado haijaundwa."

Wakateremka wakiimba.

Hapo Bibi Nakijwa akaamua kumfuata mwanawe mjini. Akawaomba akina mama wa kanisani wamtazame Namkunda. Walikuwa wazee kama yeye, wangeweza kumlisha lakini si kumgeuza. Akaingia chumbani kuaga.

"Wifi, naenda kumwita mtoto. Aliapa hatachelewa akiitwa."

"Mwambie sitamchosha," Namkunda akasema. Uso wake ulikuwa umekuwa mdogo. "Mwambie mimi si mzito."

Alipanda lori la tangawizi, akafika wizarani akinuka tangawizi. Ilikuwa nyumba ya vioo. Dada wa mapokezi, mwenye kucha ndefu, alimtambua mara moja na akafurahi sana.

"Mama wa Taifa! Mheshimiwa yuko kwenye kikao kinachokuhusu."

"Basi niingie, mwanangu, mimi mwenyewe ndiye ninayejihusu."

"Haiwezekani, mama. Ukiingia, kitakuwa kikao nawe, na hicho kina utaratibu wake."

"Nikae wapi basi?"

Viti vyote vilikuwa vimepelekwa kwenye kongamano la haki ya wazee kupumzika. Bibi Nakijwa akatazama huku na huku, akajikalisha palipokuwa na nafasi, kwenye kizingiti cha mlango mkubwa. Akafunga kanga vizuri, akaanza kusali.

Haukupita muda, Mheshimiwa Mavumba akashuka ngazi na watu wake. Alikuwa anakimbilia uwanja wa ndege, kupokea Nishani ya Mtoto Mwema huko ng'ambo kwa wale wageni wa kofia pana. Akainua mguu kuvuka kizingiti, na dereva wake akapiga kelele.

"Mheshimiwa, usimruke mama yako!"

Mguu ukabaki hewani. Waziri akatazama chini, akaona kichwa chenye mvi. Wapiga picha walikuwepo, kwa kuwa wapiga picha wake hawakosekani. Yeye alikuwa mtu wa elimu, mambo ya vitovu hayaamini, alishasema hivyo katika mikutano mingi. Lakini mguu haukusoma alikosoma mwenyewe. Ulikataa kushuka upande wa pili.

"Mama," akasema kwa sauti laini, "unanizuia."

"Sikuzuii, mwanangu. Pita."

"Sogea basi kidogo."

"Miguu imekufa ganzi. Ninyanyue."

Waziri akawageukia watu wake. "Mtaalamu wa kunyanyua yuko wapi?"

"Wote wako semina, Mheshimiwa."

"Mwanangu," akasema Bibi Nakijwa, bado ameketi, "shangazi yako anakwisha. Si kwa ugonjwa, ni kwa kukosa mtu wa kumgeuza tu. Aliniambia nikuambie yeye si mzito."

Mheshimiwa alitazama saa. Kisha, kwa heshima zote za mila, alirudi ndani, akavua koti, akatokea dirisha la chooni. Suruali ya rangi ya maziwa ilichanika, na redio ya jioni ikamsifu kiongozi aliyekubali kuchanika suruali kuliko kumruka mama. Akapokea nishani yake. Bibi Nakijwa alinyanyuliwa na dereva yule, akapelekwa kwenye lori.

Alipofika Mgwasi, Namkunda alikuwa bado yupo, lakini kwa mbali.

"Amekuja?"

"Anakuja, wifi."

Ulikuwa uongo, na Bibi Nakijwa alimwomba Mungu amsamehe. Asubuhi mzee Kajiru alipopaza sauti, "Huko chini, bado mpo?" hakuna aliyemjibu. Akarudia. Mwishowe Bibi Nakijwa akatoka mlangoni, akasema, "Nipo peke yangu."

Nani asemaye nchi ile haina mikono? Habari zilipofika mjini kuwa shangazi wa Waziri amefariki, mlima ulijaa. Walipanda askari wenye glavu nyeupe. Ikapanda bendi yenye tarumbeta. Likapanda jeneza lenye vioo, na hema, na viti vyote vile vilivyokosekana wizarani. Wageni wa kofia pana nao walipanda, wakiwa na kamera za kurusha mazishi moja kwa moja. Ikatangazwa kuwa Namkunda hatazikwa nyuma ya migomba na ndugu zake. Atazikwa chini barabarani, ambako magari ya viongozi yanafika. Yule aliyeshindikana kuteremshwa akiwa anapumua, sasa aliteremshwa kwa amri.

Waziri alihutubia, nishani kifuani. Akasema marehemu alikuwa nguzo. Kisha akaingia ndani pamoja na askari, nao wakamnyanyua Namkunda bila semina yoyote, wakamlaza ndani ya jeneza, wakageuka kutoka.

Bibi Nakijwa alikuwa ameketi kizingitini.

Waliokuwa na jeneza wakasimama. Waziri, aliyekuwa mbele yao ndani ya chumba, akasimama pia. Akatazama dirisha. Lilikuwa dogo, si la mtu mpana kama yeye wala la jeneza. Kamera za wageni zilikuwa wazi, na kila aliyekuwa na redio au televisheni katika nchi ile alijua kile alichoapa.

"Mama," akanong'ona, "mpishe marehemu."

"Wifi yangu amezoea kungoja," Bibi Nakijwa akasema. Hakupaza sauti. "Atangoja kidogo tena. Huko juu analala mzee Kajiru, nyonga imevunjika, na bado anapumua. Hawa vijana wamweke wifi chini taratibu, wakamchukue yeye kwanza. Wampeleke hospitali. Wakirudi, nitanyanyuka."

"Mama, hawa ni askari wa mazishi. Walio hai ni idara nyingine."

"Najua, mwanangu. Bado haijaundwa. Nitaingoja hapa hapa."

Akaweka mikono mapajani, pale pale alipompakata. Watu wakatazamana. Sekiete, ambaye mgongo wake ulikuwa haujawahi kuinama ila mbele ya wakubwa, aliangalia chini. Waziri akamtazama mgeni wa kofia pana, mgeni naye akatikisa kichwa kwa furaha akidhani hii nayo ni mila. Basi ikabidi.

Askari wenye glavu nyeupe wakapita dirishani mmoja mmoja, wembamba kwanza, na wanene wakavutwa. Wakapanda kwa mzee Kajiru, wakamtoa na kitanda chake. Bendi ilikuwa imeamriwa kufuata chochote kitakachobebwa, ikafuata, ikipiga wimbo wa maombolezo kwa kuwa haikufundishwa mwingine. Walipopita mbele ya ubao wa chuma, mzee Kajiru aliinua kichwa.

"Jamani, nimekufa?"

"Bado, mzee," akajibu askari mmoja huku jasho linamtiririka.

"Basi punguzeni hizo tarumbeta, nisije nikaamini."

Wakateremka naye. Sauti ya bendi ikawa ndogo, ikapotea kwenye kona ya mtaro. Waombolezaji walikaa. Mgeni mmoja akasinzia. Bibi Nakijwa hakusinzia. Aliketi na wifi yake nyuma ya mgongo wake, mlango mmoja, kama walivyokaa miaka yote, na alikuwa anasali kimya kimya kwa maneno ambayo hayakuwa tena ya kuomba mikono.

Jua lilikuwa limeinama askari waliporudi, wakaingia tena kwa dirisha lile lile. Mzee yuko wodini, wakasema, amewatukana wauguzi. Bibi Nakijwa akaitikia kwa kichwa.

"Haya, mwanangu. Ninyanyue."

Mheshimiwa Mavumba akainama nyuma yake. Hakuwa na mtaalamu, hakuwa na mlinzi wa kumshikilia. Alinyoosha mikono, akairudisha, akainyoosha tena.

"Nishike wapi, mama?" akauliza, polepole, kamera zisisikie.

"Kwapani."

Akamshika, akavuta kwa nguvu zake zote kama mtu anayenyanyua gunia, na Bibi Nakijwa akapaa, nusura agonge dari. Waziri akayumba naye mikononi. Akabaki amesimama hivyo, mdomo wazi.

"Mwepesi hivi?"

Bibi Nakijwa alitazama jeneza lililokuwa linapita mlangoni.

"Ndiyo, mwanangu," akasema. "Naye alikuwa mwepesi hivi hivi."